Saini ya Pili

Kikosini walimwita Shangazi, ingawa hakuwa amefikisha hata miaka arobaini na tano. Jina lilitokana na mdomo wake. Ukisahau spana juu ya bawa, utamsikia. Ukipanda ngazi na viatu vyenye mchanga, utamsikia. Lakini akishamaliza kukusema huuliza kama umekunywa chai, na kama hujanywa anakusukumia kikombe chake mwenyewe. Alikuwa fundi mkuu wa ndege namba kumi na saba, ndege ya kivita ya kiti kimoja yenye injini mbili mgongoni na bunduki kubwa puani, na aliijua kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe.

Vita vilikuwa vimeingia mwezi wake wa nne. Kila asubuhi ndege nne ziliruka kwenda ng'ambo ya mto kupiga mizinga ya adui iliyokuwa ikiwasumbua askari wa miguu. Zikirudi na matundu, mafundi waliyaziba. Zikirudi na kiu, walizinywesha, wakapachika mabomu mapya chini ya mabawa, zikaondoka tena. Hakuna aliyewapigia makofi mafundi, nao hawakuyangoja. Furaha yao ilikuwa kuhesabu ndege zinaporudi na kukuta hesabu haijapungua.

Rubani wa namba kumi na saba aliitwa Kimya, kwa sababu tangu aingie jeshini hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Aliongea akipanda ngazi, aliongea akifungwa mikanda, na mafundi waliapa kwamba hata angani huwa anazungumza na injini.

Asubuhi ya siku yenyewe Shangazi alifika saa kumi na mbili, akainama chini ya bawa la kulia, akaona matone mekundu sakafuni. Nyuma ya gurudumu palikuwa na bomba jembamba linalopeleka mafuta ya presha kwenye usukani. Halikuzidi urefu wa mkono, lakini likichomoka angani, usukani unakuwa mzito kama mlango wenye kutu, au unakataa kabisa. Bomba hilo ndilo lililokuwa linavuja. Akalitoa, akaweka jipya, akakaza nati ya huku na nati ya kule, akafunga kila nati kwa waya mwembamba ili mtikisiko usiilegeze. Kisha, kwa kuwa saa ilikuwa inakimbia na Kimya alishaanza kupanda ngazi, akarudisha kifuniko na kukaza skrubu zake zote kumi na nane.

Hapo ndipo alipokosea. Kanuni ilisema kifuniko kibaki wazi mpaka mkaguzi aje aangalie kwa macho yake. Kazi ya namna ile ilidai saini mbili kwenye kitabu cha ndege, ya aliyeifanya na ya aliyeikagua.

Mkaguzi wa zamu alikuwa Mzee Tochi. Miaka thelathini kazini, na miaka yote hiyo tochi haikumtoka mfukoni. Alikuwa mtu wa kuingiza kichwa kila tundu na kutoka na masizi puani. Yeye ndiye aliyemfundisha Shangazi kazi, tangu siku ile ya kwanza alipomwonyesha namna ya kushika spana bila kujichubua vidole. Asubuhi hiyo alikuwa amehangaika na ndege nyingine ambayo bunduki yake iligoma, akaja akitweta, shati limemganda mgongoni.

"Umekaza?" akauliza.

"Nimekaza."

"Na waya?"

"Nimefunga, mzee." Akasita. "Nikufungulie uone?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka aambiwe hapana, na wote wawili waliisikia sauti hiyo. Mzee Tochi akakitazama kifuniko, akamtazama Kimya aliyekuwa tayari ndani ya ndege, akatazama saa.

"Mkono wako naujua," akasema. Akaweka kitabu juu ya goti, akatia saini.

Shangazi akapanda ngazi kumfunga Kimya mikanda. Kimya alikuwa analalamika kuhusu buti zake mpya.

"Zinanibana vidole, Shangazi. Leo nitapigana vita viwili, kimoja kule, kimoja humu miguuni."

"Ukirudi uzivue, tuzipanue kwa chupa. Kaa sawa, mkanda huu umejikunja."

Akamgonga begani mara mbili, kama ilivyokuwa desturi yao, akateremka na kuondoa ngazi. Saa mbili na robo ndege nne zikaruka.

Saa tatu na nusu zikarudi tatu.

Shangazi alizihesabu mara moja, akazihesabu tena kana kwamba macho yamemdanganya. Kiongozi wa kundi alishuka, kofia mkononi, akaenda moja kwa moja pale aliposimama.

"Tulikuwa tumeshapiga mara moja, tunageuka kupiga mara ya pili," alisema. "Nikamwona anatoa moshi. Alipigwa, au kitu kiliharibika, sijui. Akazama kwenye mawingu. Redio ikakatika. Mwavuli wake wa kujiokoa sikuuona."

Katika maneno yote hayo Shangazi alisikia matatu tu. Kitu kiliharibika, sijui.

Haikupita nusu saa, ofisa akaja kuchukua kitabu cha namba kumi na saba. Alikifungia kwenye kabati pamoja na sampuli ya mafuta, na hata sanduku la spana za Shangazi likabebwa. Ndivyo inavyofanywa ndege isiporudi, na kila fundi anajua si kushutumiwa. Hata hivyo Shangazi alipoona sanduku lake linakwenda mikononi mwa mtu mwingine, alijisikia kama amevuliwa nguo hadharani. Kila aliyeigusa ndege ile aliambiwa aandike maelezo yake na kuyakabidhi kesho asubuhi kwa kapteni kutoka makao makuu.

Mchana Mzee Tochi alimkuta kwenye bomba la maji ananawa mikono. Ilikuwa imetakata zamani, bado anaisugua.

"Utaandika nini?" akamuuliza.

"Yaliyotokea."

"Yaliyotokea ni kwamba ulikaza na mimi nikakagua." Akapunguza sauti. "Binti, nimebakiza miezi mitano nistaafu. Sikuombi uongo. Wewe ulikaza, sivyo? Basi mimi kuangalia au kutoangalia kunabadilisha nini?"

Shangazi aliufunga mfereji, akajipangusa mikono kwenye ovaroli, akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wajuane kumpa mzee wake mgongo wakati anaongea.

Nyumbani mumewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake, cherehani dirishani, vitambaa vya wateja vimekunjwa juu ya kiti. Shangazi akaingia, akaketi juu ya suruali ya mtu bila kuiona. Mumewe akaivuta taratibu kutoka chini yake, akangoja. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa na alijua mke wake hasukumwi.

"Sikumbuki," Shangazi akasema mwishowe.

"Hukumbuki nini?"

"Kama nilifunga waya. Nikifumba macho naona mikono yangu inafunga. Lakini bomba lile nimelibadilisha mara nane mwaka huu. Naona mikono, sijui ni ya siku gani."

Mumewe akafikiri. "Mimi nikikosea mshono, mtu anachanika suruali akiinama msibani. Watu wanacheka, anarudi ananitukana, yanaisha. Wewe yako hayachekeki." Akakata uzi kwa meno. "Mzee anasemaje?"

"Anataka niandike kwamba aliangalia."

"Na wewe unataka nini?"

"Natamani angekuwa ameangalia kweli. Ningekuwa nimelala sasa hivi."

Mumewe alizima cherehani, akaenda kupasha chakula, akarudi na sahani mbili. Shangazi akala kidogo. Kisha akavuta daftari la vipimo vya wateja, akaligeuza nyuma, akaandika maelezo yake kwenye kurasa mbili. Aliandika kwamba alifunga kifuniko kabla ya ukaguzi, jambo ambalo alijua si sahihi. Kwamba mkaguzi alitia saini bila kuangalia, naye alimwona na hakumzuia. Kwamba anaamini alikaza nati na kufunga waya, lakini hawezi kula kiapo.

Kapteni alikuwa kijana mwenye miwani na mwandiko mdogo kama wa mchwa. Aliyasoma maelezo hayo mara mbili, akainua macho.

"Unajua kwamba mwenzako ameandika tofauti?"

"Najua, afande."

"Na unajua hili la kifuniko umejifunga mwenyewe? Hakuna aliyekuwa anakuuliza."

"Ungeuliza kesho."

Kapteni akatabasamu kidogo, kisha akajirekebisha. Siku hiyohiyo Shangazi na Mzee Tochi waliondolewa kwenye ndege. Mzee alirudishwa nyumbani asubiri. Shangazi akapelekwa stoo kupanga skrubu kwa saizi, kazi inayopewa mtu ambaye hawajui wamfanye nini.

Hangani, kwenye banda la kutengenezea ndege, watu waligawanyika. Wengine walisema amefanya kilichostahili. Wengine walisema amemuuza mzee aliyemlea, tena bila faida yoyote, maana aliyekufa hafufuki kwa saini. Hawakumwambia usoni. Ila alipoingia kunywa chai, mazungumzo yalikuwa yanahamia ghafla kwenye hali ya hewa. Mdomo wake mrefu ukafupika. Kwa siku tatu hakumgombeza mtu, na hilo liliwatisha mafundi kuliko kelele zake.

Siku ya sita, mlango wa stoo ulifunguliwa na askari wa getini, nyuma yake mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Ni mama yake Kimya," askari akasema. "Amesema haondoki mpaka amwone mtu wa mwisho kumshika mwanawe."

Shangazi akampa kiti kilichokuwapo, yeye akakaa juu ya kasha la vyuma. Mama yule alikuwa na macho makavu ya mtu aliyeshamaliza kulia.

"Alikuwa amekula?" akauliza.

"Alikunywa chai na mkate, mama. Nilimwona."

"Alisema nini?"

"Alikuwa analalamika buti zinambana."

Mama akaachia kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa. "Nilimwambia achukue namba ya juu yake. Akasema ngozi inatanuka. Tangu utotoni ni mbishi wa viatu." Akalainisha upindo wa nguo yake gotini. "Nitakuuliza jambo moja, mwanangu, kisha nitakwenda. Ndege ilikuwa nzima?"

Shangazi alijua namna nyingi za kujibu swali hilo. Alikuwa amekatazwa kuzungumzia uchunguzi, na angeweza kujificha nyuma ya katazo hilo, hakuna ambaye angemlaumu.

"Kwa ninavyojua mimi ilikuwa nzima," akasema. "Asubuhi hiyo nilibadilisha bomba. Ilitakiwa mtu wa pili aangalie kazi yangu, na hakuangalia, na mimi nikaiacha iruke. Naamini niliifanya vizuri. Lakini siwezi kukuapia, mama."

Mama akainuka, hakumpa mkono, akaelekea mlangoni. Akashika fremu ya mlango, akasimama hivyo, na Shangazi akaenda kumshika mkono na kumrudisha kitini. Walikaa wote wawili zaidi ya nusu saa, mmoja akitazama makasha ya skrubu, mwingine akitazama sakafu, mpaka gari likaja kumchukua.

Siku ya tisa, karibu na saa sita mchana, kelele zilianzia mnara wa kuongozea ndege, zikapita karakana ya matairi, zikaingia stoo. Doria ya askari wa miguu ilikuwa imemkuta Kimya upande huu wa mto, ameketi ndani ya kichaka cha matete, kifundo cha mguu kimevunjika, miguu mitupu, buti amezitupa. Habari ilisema walimpata kwa kumsikia. Alikuwa anajisemesha.

Shangazi aliketi chini sakafuni, katikati ya skrubu, akalia kwa sauti mpaka mtunza stoo akaogopa.

Kesho yake kapteni aliwaita yeye na Mzee Tochi kwenye chumba cha hospitali ya kambi. Kimya alikuwa amelala, mguu umeinuliwa, amekonda, midomo imepasuka, lakini inafanya kazi kama kawaida.

"Tulishuka mara ya kwanza, nikapiga mizinga miwili karibu na daraja," alisimulia. "Mara ya pili walikuwa wanatungoja. Nikasikia kishindo nyuma kushoto, kama mtu amepiga pipa kwa nyundo. Injini ya kushoto ikawaka moto. Dashibodi ikaniambia taa nyekundu, taa nyekundu, taa nyekundu. Nikazima injini, moto ukakataa kuzimika. Nikajiambia, nikiruka hapa ni mateka au maiti. Nivuke mto kwanza."

"Usukani ulikuwaje?" kapteni akauliza.

"Ulikuwa mwepesi, afande. Kama dakika nne hivi ulinitii, nikaigeuza ndege, nikavuka maji. Kisha moto ukala nyaya au sijui nini, ikaanza kujipindua, nikajirusha. Nikaangukia vibaya."

Kapteni akaandika. Bomba lile lilikuwa kulia, kombora liliingia kushoto, na bila mafuta ya presha usukani usingekuwa mwepesi hata dakika moja. Aliyasema hayo polepole ili yaingie kwenye karatasi kama alivyotaka. Shangazi alijikuta ameshika nguzo ya kitanda. Mzee Tochi alisimama dirishani, uso ameugeuzia nje.

Kimya akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona leo mimi peke yangu ndiye ninayeongea?"

"Na lini hukuwa peke yako?" Shangazi akamjibu, na hapo akatambua mdomo wake umerudi.

Varandani Mzee Tochi alimkabili kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bombani.

"Umeona? Ulikaza. Ulifunga waya. Umenimaliza bure."

"Sikujua kama nilikaza, mzee wangu."

"Mimi nilijua!"

"Ulijuaje?"

Mzee akashuka ngazi bila kuaga.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata. Ndege iliangushwa na adui, fundi hakuwa na hatia ya kuanguka kwake. Lakini saini ilibaki kuwa saini ya uongo. Shangazi alipewa onyo la maandishi kwa kufunga kifuniko kabla ya wakati, kisha akarudishwa kwenye ndege. Mzee Tochi alinyang'anywa ukaguzi na kurudishwa kuwa fundi wa kawaida kwa miezi iliyobaki. Kwa kuwa mafundi walikuwa wachache na vita bado vinaendelea, alipangwa zamu ya Shangazi, chini yake.

Wiki tatu hakumsemesha ila ya kazi. "Nipe spana namba kumi na mbili." "Shika hapa." "Imekwisha." Shangazi hakumshurutisha. Alikagua kazi yake kama alivyokagua ya wengine, kila kifuniko, kila nati, na mzee alisimama pembeni mikono nyuma akimwangalia anavyoangalia.

Asubuhi moja, ndani ya mkia wa ndege mpya waliyopewa, kidole cha Shangazi kiligusa nati ikageuka. Ilikuwa imekazwa kwa mkono tu. Mtu alikuwa ameianza, kisha akaitwa kwingine, akasahau. Shangazi akashuka, akamwita mzee bila kupaza sauti, akamwonyesha.

Mzee Tochi akainua mkono, akaigusa, nayo ikageuka. Alichukua spana, akaikaza, akafunga waya, akamwacha Shangazi aiguse tena. Kisha akaketi juu ya sanduku la vifaa kama mtu aliyepanda kilima.

"Yangu hiyo," akasema.

"Najua."

"Unajua siku ile niliogopa nini? Si kufukuzwa. Niliogopa kwamba kumbe watu wameniamini miaka yote hii kwa mazoea tu. Kama nilivyokuamini wewe."

Shangazi akaketi karibu naye. "Mimi sikukuamini kwa mazoea. Nilikuona unaingia kila tundu. Siku moja tu hukuingia, na mimi ndiye niliyelifunga tundu lenyewe."

"Siku moja," mzee akasema, akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Umekunywa chai?"

Kimya alirudi hangani akichechemea, fimbo mkononi, kuitazama ndege yake mpya. Alimletea Shangazi ujumbe. "Mama anakusalimia. Anasema hajakusamehe, lakini anakusalimia. Na anasema Jumapili uende kula kwake, na usichelewe, hapendi watu wanaochelewa."

Shangazi alikwenda pamoja na mumewe, ambaye aliondoka huko na kitambaa cha gauni la kushonwa. Vita vilikwisha katika mwezi wake wa tisa. Ndege za kundi lile, pamoja na ile mpya, zilikuwa bado nne, na moja kati yazo ikiongozwa na rubani aliyevaa buti za namba ya juu.

Siku Mzee Tochi alipostaafu, mafundi walisogeza meza mbili katikati ya hanga, wakaweka birika, vikombe na maandazi, wakamtaka aseme neno. Alikataa, wakamshikilia, akasimama.

"Miaka thelathini nimetia saini nyingi," akasema. "Mnaijua moja, maana mmeijadili mpaka mkachoka. Mtu mmoja aliisema ilivyokuwa, nikamkasirikia. Nilikasirika wiki nyingi, asubuhi mpaka jioni. Niwaambie kitu: kukasirika nako ni kazi, tena haina siku ya mapumziko. Nikaona nitakufa bure. Nikaacha."

Watu wakacheka. Akamtazama Shangazi, aliyekuwa anajifanya kupanga vikombe.

"Huyu sasa ndiye mkaguzi wenu," akasema. "Atawachosha. Mwacheni awachoshe." Kisha akaketi, akaomba chai yake kabla haijapoa.